Nyumba ya Langoni: saruji, chokaa na kifusi viwekwe wapi, viishie wapi?

Swali: Assalamu alaikum. Tunaikarabati nyumba ya marehemu babu yetu hapa Langoni, mjini Lamu. Ni nyumba ya mawe yenye ghorofa moja. Kuta zinamwaga chokaa na dari la msana (chumba cha ndani) limeanza kubonyea. Wiki ijayo chombo kitatuletea vifaa kutoka Mokowe, gati la upande wa bara: saruji mifuko 120, magunia ya chokaa, nondo, mbao, rangi na thina. Hatuna uwanja ila kiwanda, yaani ua, kidogo cha ndani. Fundi mkuu anasema saruji ipandishwe juu isipate unyevu, kifusi kimwagwe ufuoni usiku bamvua (maji makuu) likijaa, na yale mabati ya asbesto ya banda la nyuma yavunjwevunjwe yajazie sakafu. Jirani ameshaanza kulalamika kabla hata jiwe moja halijang'oka. Nina watoto wadogo wawili. Nifanyeje?

Jibu: Waalaikumu salamu, dada yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla chombo hakijapakiwa, kwa sababu kwenye kisiwa kama chenu kila kitu huingia kwa chombo na punda, na kisichotumika hutoka kwa njia hizohizo au hakitoki kabisa. Hilo ndilo ningependa ulishike: usikubali kitu kipakiwe Mokowe kabla hujajua kitakaa wapi na kitakachobaki kitaenda wapi. Fundi wako huenda ni hodari wa kujenga, lakini katika hayo matatu uliyoyataja sikubaliani naye hata moja, na la kwanza linaweza kuua watu siku hiyohiyo.

Chukua hesabu. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja. Mifuko yako 120 ni tani sita, na fundi anataka kuipandisha kwenye dari ambalo umeniambia mwenyewe limebonyea. Madari ya nyumba za mawe za Lamu hubebwa na boriti za mkoko, juu yake mabapa ya matumbawe, juu yake tena zege la chokaa. Dari lenyewe tupu ni zito. Boriti huoza mahali usipoona, pale ncha yake ilipochomekwa ukutani, kwa kuwa ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kuyashikilia. Katikati ya chumba boriti itaonekana nyeusi, ngumu, nzima; chukua bisibisi uichome pale inapoingia ukutani, na ikizama kama kisu kwenye boga, hiyo imekwisha. Kabla ya yote, basi, mwambie fundi aweke miti ya kuegemeza chini ya dari la msana, na ukague boriti zote moja moja. Juu pasipandishwe zaidi ya vifaa vya kazi ya siku hiyo, na hivyo viwekwe karibu na ukuta zinakokalia boriti, visiwekwe katikati.

Saruji ikae chini, katika chumba kikavu kuliko vyote, hata kama ni chumba cha kulala itabidi mkihame. Najua fundi ataniambia chini kuna unyevu, na kweli upo. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutoka kwenye kuta. Dawa yake ni kuinua. Tandika plastiki nene sakafuni, juu yake weka mbao au paleti zilizoinuka sentimita 15 hivi, uache nafasi ya sentimita 30 kati ya mifuko na ukuta. Panga mifuko kwa kupishana, safu moja urefu safu nyingine upana, isizidi kumi kwenda juu. Zikizidi, za juu humporomokea anayevuta ya chini, na za chini hugandamana. Funika yote kwa turubai, funga madirisha. Iliyoingia kwanza itoke kwanza, kwa hivyo andika tarehe kwenye mifuko kwa kalamu ya rangi.

Hata hivyo, kama ungeniuliza kabla ya kuagiza ningekwambia usilete mifuko 120 kwa mkupuo mmoja. Vyombo vya Mokowe haviishi. Saruji iliyohifadhiwa kawaida inakadiriwa kupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwa miezi mitatu, na hewa ya chumvi ya Lamu, hasa wakati wa kusi na mvua za masika, haisubiri muda huo. Leta 30, itumike, leta nyingine. Utaongeza gharama kidogo ya chombo na hamali, lakini hutabaki na mifuko iliyogeuka mawe. Ukiufungua mfuko ukakuta madonge, yafinye kwa vidole. Yakisagika kuwa unga, yachekeche yatumike kwenye kazi isiyobeba uzito. Yasiposagika, hiyo si saruji tena, isiende kwenye nguzo wala mkanda.

Na niseme hapa kwa kupita, kwa kuwa linaniuma: mifuko 120 ni mingi kwa nyumba ya matumbawe. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa ili zipumue. Ukizipaka saruji unazifungia maji na chumvi ndani, na baada ya miaka michache plasta hubanduka na kipande cha jiwe. Muulize fundi kila mfuko unaenda wapi. Huenda nusu ya tatizo lako la kuhifadhi likaisha papo hapo.

Kuhusu kubeba: nchi kama Uingereza walikwishapunguza mfuko hadi kilo 25 kwa ajili ya migongo ya watu. Huku bado ni 50, kwa hivyo watu wawili wauinue mfuko mmoja kumtwika mtu au punda. Mfuko mmoja ni mzigo tosha kwa punda mzima mwenye afya. Ukimwona hamali anamtwika miwili kwa kuwa njia ni fupi, mzuie. Mnyama akianguka kwenye ngazi za uchochoro anaumia yeye na aliye nyuma yake. Mchanga na kifusi vilevile, shogi, yaani mifuko ya mgongoni mwa punda, zisijazwe pomoni.

Saruji mbichi iliyolowa ni kali kwa ngozi kuliko watu wanavyodhani. Haiungui papo kwa papo kama moto. Mtu hupiga magoti kwenye zege asubuhi, suruali inalowa, anaendelea na kazi, jioni ndipo anapogundua ngozi imechubuka hadi nyama. Tena kuna kromiamu ndani yake, na wengine huwatia ukurutu wa mikono usiowatoka tena mpaka waache kazi ya saruji. Glavu za mpira na gambuti ni za lazima. Nguo ikilowa zege ivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji matamu mengi. Maji ya bahari hayafai kuoshea, wala hayafai kuchanganyia zege lenye nondo, kwa kuwa chumvi huila nondo ndani kwa ndani. Kwa sababu hiyohiyo mchanga wa pwani usikubaliwe. Kuchota mchanga kwenye vilima vya Shela ni kosa kubwa zaidi, maana maji ya kunywa ya mji wenu yanatoka chini ya vilima hivyo.

Sasa chokaa. Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu watoto wako wako hatarini hapa kuliko kwingine.

Kuna chokaa iliyozimwa, ile ya unga inayouzwa mifukoni, na kuna chokaa iliyotoka tanurini ambayo haijazimwa, madonge meupe mepesi. Hukuniambia umeagiza ipi. Muulize muuzaji, kisha hakikisha mwenyewe: chukua donge dogo kama ndimu, liweke kwenye mkebe wa chuma uliofunguliwa, nje, mimina maji kidogo kisha urudi nyuma. Likinyamaza, imezimwa. Likianza kufuka, kupasuka na kuchemsha maji, haijazimwa, nayo hairuhusu mchezo. Joto lake hupita la maji yanayochemka. Ikilowa ndani ya pipa lililofungwa hulipasua; pipa la plastiki huliyeyusha. Ikilowa ndani ya ngama (tumbo la chini) ya chombo, karibu na mbao na magunia, inaweza kuwasha moto katikati ya mkondo. Ndiyo maana isisafirishwe pamoja na mbao wala thina, ikae juu ya mbao mbali na maji ya ngama, ifunikwe turubai. Mgongo wa punda nao huwa na jasho. Magunia yakivuja mnyama huungua, kwa hivyo wekeni kitambaa kizito na kikavu kati ya gunia na ngozi, mkague gunia lisiwe na tobo.

Kuzima chokaa kuna utaratibu mmoja tu: maji kwanza, chokaa baadaye, kidogo kidogo. Kumwaga maji juu ya rundo la chokaa ni kujitafutia kurushiwa maji ya moto usoni. Tumieni pipa la chuma lililokatwa au hodhi la mawe, si la plastiki. Anayezima avae miwani ya kazi inayobana pembeni, glavu ndefu na shati la mikono mirefu, asimame upande upepo unakotoka, akoroge kwa jembe lenye mpini mrefu. Baadaye uji huo hufunikwa na maji, ukakaa wiki kadhaa. Miezi mitatu ni bora zaidi. Kwa muda wote huo hodhi liwe na kifuniko kizito cha mbao ambacho mtoto hawezi kukisukuma, maana kwa juu huonekana kama maji safi tu. Kama kiwanda chenu ndiko watoto wanakocheza, na hamna pengine pa kuweka hodhi, basi nunueni chokaa iliyokwisha kuzimwa na kulazwa, au izimwe kwa fundi mwenye uwanja shambani.

Pembeni mwa hodhi kaa na jerikeni ya lita 20 ya maji matamu isiyotumiwa kwa kazi nyingine yoyote. Chokaa au saruji ikiingia jichoni, asilifikiche. Mfungue kope kwa vidole, mmwagie maji yanayotiririka dakika 20 bila kukatiza, kisha mkimbizeni hospitali ya King Fahd huku mnaendelea kummwagia njiani. Siki, ndimu, maziwa, asali, vyote hivyo acheni. Chokaa huendelea kula jicho hata maumivu yakipungua, na tofauti kati ya kuona na kupofuka ni maji ya dakika zile za mwanzo.

Nondo na mbao sina mengi ya kusema. Zilazwe, zisisimamishwe ukutani uchochoroni; zishikwe kwa vigingi zisibingirike, nondo ziinuliwe zisiguse ardhi yenye chumvi, ncha zake zifunikwe. Misumari ing'olewe kwenye mbao kuukuu siku hiyohiyo zinaposhuka.

Uchochoro ndio unaomlalamisha jirani yako, nami niko upande wake. Kipimo changu ni hiki: saa yoyote, mchana au usiku, jeneza liweze kupita na waliolibeba, na punda mwenye shogi aweze kupita. Kama rundo la mchanga linazuia hayo, litamzuia mgonjwa kwenye machela na litawazuia wanaokimbia moto, na mji wenye makuti na nyumba zilizobanana namna hii unajua moto ni nini. Vifaa vikishushwa mlangoni viingie ndani kabla ya magharibi. Na ule mtaro wa pembeni mwa njia usiguswe na saruji. Mafundi wana tabia ya kuoshea makoleo na ndoo pale. Maji meupe yanateremka, yanaganda kwenye kona, na mvua ya kwanza inamwingilia jirani wa chini sebuleni. Osheni kwenye pipa. Acheni saruji itue usiku kucha, maji ya juu yachanganyie zege la kesho, tope lililoganda litolewe na kifusi. Mwendee jirani, mweleze kazi itachukua muda gani na saa za kubomoa ni zipi, mpe turubai afunike birika (tangi) lake la maji. Atakuelewa.

Kifusi. Fundi wako atasema mawe haya yalitoka baharini, yakirudi baharini kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba hayarudi peke yake. Yanakwenda na unga wa chokaa na saruji unaoyageuza maji kuwa makali, na vumbi laini linalotua juu ya nyasi za bahari na mizizi ya mikoko, na misumari, vioo, nyaya, na nyuzi za magunia ya plastiki. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Samaki na kaa mnaowala hukulia humo. Vyombo navyo hukalia ufuo huohuo maji yakipwa, na nahodha haoni rundo lililomwagwa usiku. Kumwaga taka ufuoni ni kosa kisheria, na hilo la "usiku" linaonyesha fundi mwenyewe analijua.

Habari njema ni kwamba kifusi cha nyumba ya zamani kina thamani. Mnapobomoa, tenganisheni palepale. Mawe ya matumbawe yaliyo mazima yarudi ukutani. Yenu yamekwisha kukauka na kuzoea, na mtaokoa safari za kuchukua mapya Manda. Vipande vidogo na zege la chokaa vipondwe, vijazie sakafu ya chini. Hicho ndicho cha kujazia sakafu, badala ya asbesto. Boriti nzima zipunguzwe sehemu iliyooza zitumike kwenye chumba chembamba au ngazi. Mkikutana na vidaka (vishubaka vya ukutani), plasta ya nakshi au fremu ya mlango iliyochongwa, simamisheni kazi mpigie simu ofisi ya Makumbusho ya Taifa mjini. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ruhusa ya ukarabati inapitia kwao hata hivyo. Kinachobaki baada ya hapo kitakuwa kidogo. Kitieni kwenye mifuko mitupu ya saruji iliyokung'utwa vizuri, na waulizeni kaunti mahali wanapokubali kipokelewe. Mifuko hiyo isiachwe juani. Nyuzi zake hukatika na upepo huzitawanya hadi baharini. Wala isichomwe.

Sijamaliza bila asbesto. Yale mabapa ya kijivu yenye mawimbi ni saruji iliyofungwa kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Bapa likiwa zima na limetulia, halina madhara makubwa. Likivunjwa, kutobolewa, kukatwa kwa grenda au kusuguliwa, nyuzi huruka, mtu huzivuta, nazo hukaa mapafuni. Ugonjwa hutokea baada ya miaka kumi, ishirini, hata arubaini: makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Hakuna barakoa ya kitambaa inayozizuia. Ukilijazia sakafuni umemzikia mjukuu wako, maana kuna siku mtu atachimba mtaro wa bomba hapo bila kujua.

Kwa Kenya, kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Anayeiondoa, anayeisafirisha na mahali inapozikwa ni lazima viwe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa hivyo banda hilo liacheni kwanza. Watoto wasicheze chini yake, mtu asipande juu, msilioshe kwa brashi. Mwandikie afisa wa NEMA wa kaunti, umweleze mabapa ni mangapi na hali yake, akuelekeze kwa wenye leseni. Watakapokuja utawatambua kwa kazi yao: hulowesha mabapa maji, hufungua skrubu badala ya kupasua, huteremsha bapa likiwa zima, huzungushia plastiki nene mara mbili na kuandika tahadhari, na hawafagii kukavu. Wakija na nyundo, wafungie mlango. Kama huna hakika kwamba ni asbesto, ichukulie kuwa ndiyo mpaka ipimwe. Kwa macho haijulikani.

Rangi na thina ziwe chache, mikebe ifungwe barabara, chumba chenye hewa, mbali na jiko na ngazi ya kutokea. Petroli ya jenereta isilale ndani. Seremala akipaka milango mafuta ya linsidi, vitambaa alivyofutia asivirundike kona. Vikirundikana hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vianikwe kimoja kimoja nje au vitiwe kwenye mkebe wa chuma wenye maji. Mabaki ya thina yasimwagwe chooni wala mtaroni. Rangi kuukuu ya milango isisuguliwe kukavu, kwani nyingi za zamani zina madini ya risasi, na watoto ndio huumia nayo zaidi. Na vipande vya mbao vyenye rangi ya kijani au vilivyopakwa dawa ya mchwa, usimpe mtu akapikie. Majirani wataviomba, na kukataa kutaonekana vibaya, lakini mbao nyingine hutiwa dawa yenye arseniki. Moshi na jivu lake ni sumu. Wape zile zisizo na dawa.

Mwisho umeuliza ufanyeje, na nadhani ndani yake kuna swali la nani mwenye jukumu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humbana anayeendesha kazi awalinde wafanyakazi na hata wapita njia, lakini usimwachie fundi peke yake, nyumba ni yenu. Kaa naye leo, kabla ya wiki ijayo, muandike makubaliano mapya kwenye karatasi moja: hakuna mzigo juu, hakuna kinachokwenda ufuoni, asbesto haiguswi, vifaa vya kujikinga vinanunuliwa kabla ya saruji. Na sehemu ya malipo, iwe nono kidogo, ibaki mkononi mwako mpaka mfuko wa mwisho wa kifusi umetoka mlangoni na umeona ulikopelekwa.